Barabara ya Alder Itafungwa

Kila Jumatatu usiku napanga gazeti letu,
kurasa nne, mji wa watu mia tisa na kumi na mmoja
(kumi na wawili tangu Alhamisi: mtoto wa akina Sorensen,
kilo nne kasoro, mama mzima, baba bado anatetemeka).

Daraja la Mto Teal limeanza tena kukohoa
chini ya malori ya mahindi.
Paa la shule limepata bati, halijapata misumari.
Bi Thelma Okerlund anamtafuta paka, wa kijivu, sikio moja,
na anaomba tusimcheke; ni wa tatu mwaka huu.
Supu kanisani Jumapili. Njoo na bakuli lako.

Kisha, chini, katika kisanduku nilichochora kwa rula,
maneno ya Halowini:

Mshonee mtoto utepe unaong'aa,
hata kama zimwi halipendi kung'aa.
Barakoa isizibe macho. Mchawi asiyeona njia hamtishi mtu.
Maboga yawashwe kwa betri, si kwa mshumaa;
ghala la Gunnar hatujalisahau.
Peremende iliyofunguka itupwe.
(Keki za Bi Irma hazina sumu. Ni chumvi tu.)
Taa ya baraza ikiwaka, bisha hodi.
Ikiwa imezimwa, pita kimya, mwenye nyumba anajua kwa nini.
Barabara ya Alder itafungwa,
saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku.

Hapo naweka nukta.
Sisemi itafungwa na nani.
Halmashauri haijawahi kulipigia kura jambo hili,
na sherifu yuko maili arobaini.
Ni Verlyn Hauge na pikapu yake ya buluu,
anaiegesha kukingama,
pua kwenye mtaro wa huku, mkia kwenye mtaro wa kule,
anawasha taa za tahadhari, anateremsha kioo,
anakaa humo hata theluji ikianza.

Miaka kumi na tisa.

Wageni humwona mzee mkarimu, wakampungia mkono.
Sisi tunajua pikapu ile ni ya pili.
Ya kwanza aliiuza kwa bei ya chuma chakavu
asubuhi ya tarehe mosi Novemba, wala hakuhesabu pesa.
Toby Renneke alikuwa na miaka saba. Alikuwa popo,
mbawa za mfuko wa taka, nyeusi,
akachomoka kati ya magari mawili.
Verlyn alikuwa akienda polepole.
Sherifu aliandika hivyo. Sote tulisema hivyo.
Ajali haina kinga, tukamwambia, tukimmiminia kahawa,
kisha tukavuka uwanja
tukamwambia mama yake Toby maneno yale yale,
kama watu wanaogawa mkate mmoja.

Mama alihama kabla ya krismasi.
Yuko Arizona, hulipia gazeti mwaka hadi mwaka,
na barua yake haina salamu, hundi tu.
Mara moja alipiga simu.
Akauliza, "Itafungwa?"
Nikasema, "Itafungwa."
Nikamsikia akivuta pumzi, akakata.
Tangu siku hiyo sentensi ile sijaigusa,
hata koma.

Jana Verlyn aliingia ofisini akipapasa ukuta.
Agosti walimnyang'anya leseni; macho yamemtupa mkono.
Sikujua la kusema, nikamuuliza habari ya goti.
Hakujibu habari ya goti.
Aliweka ufunguo juu ya meza, kando ya tangazo la paka,
akasema, "Andika kama kawaida."

Nimeandika kama kawaida.
Leo jioni, mtaa ukiwa mtupu, nilikwenda kujaribu.
Pua mtaroni, mkia mtaroni.
Mara ya kwanza niligonga sanduku la barua la akina Sorensen
(nitawalipa, wana mambo mengi wiki hii).
Mara ya tatu ilikaa.
Kiti kinanuka kahawa iliyomwagika zamani.
Gia ya nyuma ngumu.
Nitaizoea.